Waya Mfupi

Spika kubwa zile, Bujiku, ni za watu wa viti.
Hizi zilizoegama sakafuni,
zinazomtazama mwimbaji kutoka chini
kama mtoto anayesubiri ukoko,
hizi ndizo zetu.
Sisi tunakaa hapa, nyuma ya pazia.
Tukifanya kazi vizuri
hakuna atakayejua tulikuja.

Saa kumi jioni, ukumbi wa Kirumba.
Feni moja inazunguka, nyingine inafikiria.
Anza na maiki peke yake, bila mtu.
Ipandishe taratibu mpaka ipige mluzi,
mwembamba, kama birika la jirani.
Usizime. Sikiliza unakaa wapi,
halafu punguza hapo hapo, kidogo:
unatoa mwiba,
hukati mguu.

Sasa waite.
Malimi wa besi atasema hasikii ngoma.
Ngasa wa ngoma atasema anasikia besi tupu.
Kokushima wa sauti ya pili
atainua kidole gumba juu, juu, juu.
Mpiga solo hatasema neno;
atanyata hadi kwenye spika yake, aongeze mwenyewe,
kisha akutazame kama mtu aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu.
Kila mmoja anataka apande.
Wapandishe wote, uone:
umejenga Mwaloni ya alfajiri, dagaa wanashushwa,
kila mtu anataja bei
na hakuna aliyesikia bei.

Kwa hiyo anayesema nipandishe,
washushe walio jirani naye.
Atakushukuru kwa kitu ambacho hukumpa.

Na midomo yao isikupoteze. Tazama shingo.

Hilo nimelijua kwa Lugembe.
Tulikuwa Nansio, harusi ya watu wa samaki,
mitambo tumeivusha chini ya turubai,
nimeikalia njia nzima isilowe.
Wimbo wa tatu, Lugembe akaanza kuimba chini ya gitaa,
kidogo tu,
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
Maharusi hawakujua. Bendi ilijua.
Walitazamana, wakatazama viatu.
Nikampandisha. Akaomba tena.
Nikampandisha mpaka spika ikawa pembeni ya kilio.
Ndipo nikaiona shingo:
kila beti inageuka,
inaleta sikio la kushoto mbele
kama kuku anayechungulia punje.
Spika yake ilikuwa kulia.
Na kulia kwake, miaka ishirini na sita,
yamesimama matoazi.

Hakuwa amemwambia mtu. Pengine hata mkewe.

Mapumziko yalipofika nikatambaa jukwaani,
nikaiburuta ile spika hadi upande wa pili.
Kiongozi wa bendi akaja na soda yake:
“Nyanzobe, kulikoni?”
Nikamwambia, waya mfupi, kule haufiki.
Bujiku, waya ulikuwa na mita kumi za ziada,
zimejiviringisha chini ya kiti changu
kama chatu aliyeshiba.
Lugembe akautazama ule mviringo.
Akanitazama mimi.
Akanywa maji, akafuta maiki kwa leso,
ingawa maiki ilikuwa safi.

Beti iliyofuata ilikaa juu ya gitaa
kama mfuniko uliopata sufuria yake.
Ngasa akacheka peke yake kule nyuma,
akasahau kupiga mara moja,
akadakia.

Ndiyo hivyo. Hakuna kitabu.
Baadaye usiku, visubi vya ziwa
vikianza kuangukia vitaa vya mikisa,
usivipondeponde, vitaingia kwenye vitufe. Vipulize.
Maji yako yaweke chini, mbali na nyaya.
Na spika ya Lugembe, kushoto.
Mtu akikuuliza kwa nini,
unajua cha kusema.
Ila kwanza uviringishe waya vizuri,
usukume chini ya kiti.